Bati la Kuwahi Kivuko

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, niliingia ndani ya nyumba yangu mwenyewe mchana kweupe, nikainua uso, nikaona mawingu. Si dirishani. Kwa juu, pale ambapo asubuhi yake palikuwa na paa. Kitandani alikuwa mke wangu Minza na mtoto wetu wa wiki tatu, wamejifunika khanga kichwani kwa sababu ya vumbi la nyasi, na Minza ananitazama bila kusema neno. Mke anayesema unaweza kujibizana naye. Anayenyamaza ndiye wa kuogopa.

Ngoja nikupeleke taratibu, maana nikianzia katikati utaniona mjinga kuliko nilivyokuwa, na nilivyokuwa kulitosha.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara imefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni, tukigawiwa mche mmoja wa kukata na uzi, ghafla tukaambiwa ni ruksa, kila mtu auze anachotaka. Mwanza ikajaa vitu. Viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa kandokando ya ziwa, vijana tukapata vibarua. Mimi nilikuwa napakua samaki, na harufu ilinifuata mpaka kanisani. Kuna mzee mmoja alikuwa akiniona naingia anahama benchi. Marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa na pua kali sana. Lakini hayo si ya leo.

Kila aliyepata kibarua alikuwa na ndoto moja, nayo ni bati. Nyumba yangu pale Buswelu ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi. Nyasi nzuri, nilizikata mwenyewe, majirani wakanisaidia kuezeka kwa siku moja, tukanywa togwa tukaimba. Haikuvuja hata tone. Lakini bati la jirani likipigwa na jua la asubuhi linawaka mpaka machoni pako, na mimi kila nikitoka kupiga mswaki naliona linanicheka. Nilikuwa kijana, mwanangu. Kijana hata bati humcheka.

Basi asubuhi ya siku hiyo, mwezi wa kumi, mvua zimeanza kunguruma kwa mbali upande wa ziwani, lori likasimama mbele ya uwanja wangu. Limebeba mabati, yamefungwa kwa kamba nene ya katani. Akashuka bwana mmoja, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Jina lake alijiita Denisi. Nyuma yake akashuka fundi, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyotoboka, anaitwa Masanja, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba nyundo na kunyamaza.

"Shikamoo, mzee!" Denisi akaniamkia.

Mimi! Sijafika hata miaka thelathini. Nilipaswa kuangalia nyuma nione anamwamkia nani. Badala yake nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito, kama mjumbe wa nyumba kumi.

"Mzee, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Acha utani. Mtu mwenye heshima yako? Mimi nilidhani mnalaza mbuzi." Akacheka, akanipiga bega, na mimi nikacheka naye. Ndiyo, mwanangu, nilicheka. Mtu anayekutukana na kukusifu kwa pumzi moja anatafuta mahali pa kukushikia, na mimi nilimpa mpini mwenyewe.

Akanieleza. Mabati haya yametoka nje, si yale ya zamani ya kukaa miaka ukingoja kibali. Yalikuwa ya kwenda Geita, kule wachimbaji wa dhahabu wanayagombania. Lakini yeye amenionea huruma. Anaweza kuniwekea leo, kwa bei ya leo, kabla hajaondoka kuwahi kivuko cha saa nane pale Kigongo, avuke kwenda Busisi. Kivuko kikiondoka, na bei imeondoka.

"Ningependa kufikiri," nikasema.

"Fikiri, mzee, nani kakukataza? Lakini chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Akanyoosha kidole kwa nyumba ya jirani. "Yule alifikiri?"

"Sijui."

"Hakufikiri. Na mkeo anamwona mke wa yule kila siku analala chini ya bati. Una mtoto mchanga humo ndani, sivyo? Nasikia analia. Nyoka wanapenda nyasi, mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Ona sasa. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikachunge. Elimu yangu yote ni methali za wazee. Mtu akinipiga na methali mimi nainama. Sikujua bado kwamba methali ni kama panga, haliulizi limeshikwa na nani. Tulilifua sisi la kupalilia, na mwizi naye analitumia hilohilo.

Sikukubali. Hilo nataka ulisikie vizuri, maana ndilo kosa lenyewe. Sikukubali, lakini sikukataa. Kwetu mgeni humkatalii usoni. Tumelelewa hivyo: mtu kaja kwako, kakusalimia, unamwambia "hapana" mlangoni kama mbwa? Unasema "tutaona", unasema "haya, tumesikia", na mtu mwenye adabu anaelewa, anaaga. Denisi alijua adabu yetu kuliko sisi wenyewe. Alijua kwamba nitameza maneno. Akasema, "Basi fundi apande tu apime, kupima ni bure." Nikanyamaza. Masanja akapanda.

Na Masanja hakupima. Alipanda, akakata kamba za juu, nyasi zikaanza kuporomoka mafungu kwa mafungu. Nikasikia Minza ndani anapiga kelele na mtoto anapaliwa. Nilipaza sauti, "We fundi!" Alipokuja kusimama, nusu ya upande wa chumba cha kulala ilikuwa wazi. Fito zimebaki kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

"Aa, sasa ameshaanza," Denisi akasema, anatikisa kichwa kama vile na yeye amesikitika. "Na wingu lile, mzee, unaliona? Utamlaza mtoto kwenye mvua? Tumalize tu. Fedha si tatizo, nipe yule ng'ombe pale, tumemalizana."

Yule ng'ombe. Alikuwa Madoa. Ng'ombe wetu mmoja tu, ana ndama bandani. Minza maziwa yalikuwa hayajamtoka vizuri tangu ajifungue, na nguvu yake yote ilikuwa uji wa maziwa ya Madoa, asubuhi na jioni. Madoa akiondoka, mama anapungukiwa, na mama akipungukiwa unajua anayefuata ni nani. Nilijua yote hayo. Nikaenda nikamfungua, nikamfunga kamba shingoni, nikampa Denisi kamba mkononi.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe. Nadhani aibu ikizidi inakuwa kama usingizi, miguu inakwenda na wewe haupo.

Hapo ndipo nilipoingia ndani nikaona mawingu.

Nikatoka nje nimesimama kama gogo, na kwenye njia nikamwona shangazi yangu anakuja. Shangazi Kabula, dada wa baba, alikuwa anakaa kwetu kumtunza mzazi. Alikuwa ametoka mashineni kusaga, ana ndoo ya unga kichwani. Akatazama paa. Akatazama lori. Akamtazama Madoa na mtu aliyeshika kamba yake. Nikangoja matusi, maana alikuwa anayajua, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Akatua ndoo. "Karibuni, wageni," akasema. "Mmeshakula?"

"Shikamoo, mama," Denisi akasema. "Tunashukuru, tuna haraka. Kivuko."

"Marahaba, baba. Haraka ya nini na hujaonja hata maji yetu? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shija!" Shija ni mimi. "Umeacha wageni wamesimama juani? Lete viti. Halafu ukamate yule jogoo mwekundu."

"Mama, kweli tuna haraka."

"Unataka watu waseme kwa Kabula walikuja wageni wakaondoka na njaa? Na ng'ombe juu yake? Hapana, baba. Kaa."

Unaona? Adabu ileile aliyonifunga nayo mimi, Shangazi akaichukua akamfunga nayo yeye. Angekataa, angekuwa mtu mbaya, na mtu mbaya hauzi mabati kwa majirani. Akakaa. Madoa akafungwa kwenye nguzo, lakini Denisi akavuta kiti chake pale pale karibu na kamba, hakubanduka.

Sasa yule jogoo. Mwanangu, yule jogoo alikuwa na akili kuliko mimi. Nilimkimbiza kuzunguka nyumba, akapita chini ya lori, akapanda juu ya mabati, akaingia kwenye muhogo. Masanja akaja kunisaidia, akaanguka, akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake. Tulipomkamata jua lilikuwa limepanda kabisa. Na kumbe bado hajachinjwa, bado maji hayajachemka, bado kuni ni mbichi. Shangazi aliuliza kama wageni wanapenda ugali wa mtama au wa muhogo, akasikiliza jibu kwa makini, kisha akasema mtama unahitaji kuchekechwa upya. Akachekecha. Upepo wa ziwani ukaanza kusumbua moto, akamwomba Denisi bati moja la kukinga jiko.

"Chukua, mama, ujionee ubora."

Akaliegemeza kwenye mawe. Upepo ukavuma mara moja, lile bati likajikunja katikati kama jani la mgomba. Shangazi akalinyoosha kwa kiganja, kama unavyonyoosha khanga, akaliegemeza tena. Likajikunja tena. Akaendelea kuchochea moto. Mimi nikaliona, na Masanja akaliona nikiliona, akatazama pembeni.

Nilipokwenda kumpelekea kuni, Shangazi akaninong'oneza huku anakoroga mchuzi. Hakunigombeza. Hilo ndilo karipio lake lote, na nimelibeba mpaka leo: "Shija, baba yako hakuwahi kumuuza hata mbuzi kwa mtu aliyemwona siku hiyohiyo. Kitu kizuri kinalala, asubuhi bado ni kizuri. Wewe kaa tu utazame jua."

Nikakaa nikatazama jua. Tukala. Masanja alikula kama mtu ambaye hakuona nyama tangu Pasaka. Denisi alikuwa na saa mkononi, na mwanzoni alikuwa anaitazama kila tonge. Ikafika saa nane. Ikapita. Kutoka Buswelu mpaka Kigongo si karibu, na lori lile lilikuwa la kusukumwa; kivuko chake hata moshi asingeuona. Nikangoja aruke juu alie. Hakulia. Akachukua paja lingine.

Akafuta mdomo, akasema, "Mzee, kwa sababu ya wema wa mama huyu, nitakuwekea na misumari bure."

Nikanyamaza.

"Na kofia ya paa. Bure."

Nikanyamaza. Sasa lilikuwa ni kunyamaza kwingine, mwanangu, si kule kwa asubuhi.

"Basi na fundi nitamlipa mimi. Leo tu! Sijawahi kumfanyia mtu hivi."

Ndipo nikaona kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni. Nikasema, "Bwana Denisi, kivuko kimeondoka. Mbona bei haijaondoka?"

Akatazama saa yake. Masanja akakohoa.

"Sitaki," nikasema. "Karibu tena siku nyingine, lakini mabati yako sitaki."

Neno dogo hilo. Nililitoa kama mtu anayeng'oa jino.

Denisi akasimama, ile shikamoo yote ikamtoka usoni. "Huwezi! Nimeshaezua! Ng'ombe umenikabidhi mwenyewe, kamba ninayo!" Na kweli alikuwa ameishika.

Shangazi akaosha mikono polepole. "Kamba?" akasema. "Kwetu, baba, hata ukinunua ng'ombe kwa haki, unaondoka na ng'ombe, kamba inabaki. Kamba ndiyo baraka ya zizi, haiuzwi. Aliyekupa na kamba hajauza, amekushikisha tu. Ukimtaka Madoa, mchukue. Kamba yangu niachie."

"Upuuzi gani huu! Masanja, mfunge kwa kamba ya lori."

Masanja hakuinuka. Alikuwa anafyonza mfupa. "Bosi, kamba ya lori imefunga bati. Tukiifungua, kwa upepo huu, mabati utayaokota kule Magu. Na mama anasema kweli. Kwetu kamba haiondoki. Na huyu bila kamba atarudi kwa ndama wake kabla hatujawasha gari."

Kumbe Masanja alikuwa Msukuma mwenzetu siku nzima, amekaa tu kimya.

Akainuka, akaichukua kamba kutoka mkononi mwa bosi wake, taratibu, kwa adabu, akanipa mimi kwa mikono miwili. Mwanangu, nimeshika vitu vingi vya thamani maishani. Sijashika kingine kizito kama kile. Nikageuka kumtazama Madoa ili watu wasione macho yangu.

Denisi akatukana, akaingia kwenye lori, akapiga honi. Masanja akaichukua ngazi, na mimi nikadhani anaipakia. Akaiegemeza kwenye ukuta wangu.

"Bosi, tangulia," akasema. "Siwezi kula kuku wa mtu nikamwachia tundu."

Lori likaondoka. Halikwenda upande wa Kigongo hata kidogo, lilikwenda kwa jirani wa tatu, tukasikia "Shikamoo, mzee!" nyingine. Nikakimbia, nikafika kabla hajamaliza kusifu, na yule jirani nikamwambia sentensi moja tu: mwambie alale mpaka kesho. Denisi hakulala, aliondoka.

Masanja na mimi tukarudisha nyasi zile, fungu kwa fungu, Minza anatuelekeza kutoka chini, sasa ameanza kusema, na alisema sana. Kila neno lake lilikuwa tamu masikioni mwangu, hata yale ya kuniita mpumbavu. Kule juu Masanja akaniambia fito zangu zisingebeba bati hata mwaka mmoja. Bati linataka kenchi, zile mbao za kubeba paa, na bosi wake alijua. Nikamuuliza, kwa nini uliezua? Akasema, "Na mimi nina watoto." Nikamshikia fungu lililofuata.

Mvua ilinyesha keshokutwa yake. Nililala chali usiku kucha nikingoja tone. Halikuja. Mtoto alinyonya, akacheua, akalala. Yule ndiye dada yako mkubwa sasa, anayependa kusema.

Bati nililiweka, usidhani nilibaki na nyasi mpaka uzee. Nilinunua moja moja, nikilibonyeza kwa dole kila moja mpaka wauza duka wakanichukia, na fundi wangu alikuwa Masanja, ambaye alishaachana na lori.

Sasa wewe unajenga. Watakuja. Hawatakuja na lori lile, watakuja na simu, na vigae, na rangi, na dari la kung'aa, lakini kivuko chao ni kilekile, kila mara kinaondoka saa nane. Mtu akikwambia ni leo tu, mwambie basi leo sina. Usiogope kuonekana mshamba. Adabu tuliyokufundisha ni ya kumpa mgeni maji na kiti, si ya kumpa paa lako. "Hapana" inaweza kusemwa kwa tabasamu, na ukiona inakukwama kooni, mpikie mtu chakula wakati unaitafuta. Usimruhusu apande juu ya nyumba yako "kupima tu" kabla hamjaelewana, maana akishaezua, anayeongea naye si wewe tena, ni mvua. Uliza wa nyumbani kwako kwanza. Mimi ningemuuliza Minza pale kitandani, hadithi hii isingekuwepo, na ningekuwa na jogoo wangu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na hata kama msala ni mzuri kweli, uache ulale, uutazame tena asubuhi.

Na ukikosea, mwanangu, ukiwa umeshatoa hata kamba, usikae kimya kwa aibu. Sema hata kama jua linazama. Mimi nilisema nimechelewa, na nilichelewa nikiwa bado nina ng'ombe.

Mungu akujalie nyumba inayokauka wakati wa masika, na shangazi anayerudi mapema kutoka mashineni. Akupe fundi mwenye haya. Watoto wako wanywe maziwa chini ya paa ulilolichagua mwenyewe, mchana, ukiwa umeshiba. Nenda salama, na msalimie mkeo, umwambie nimesema umuulize.